Uzi wa Nyumba Nyingine

Saa nne asubuhi begi langu lilikuwa wazi juu ya kitanda, na ndani yake hakukuwa na kitu hata kimoja cha kumfaa mtu anayekwenda nchi ya joto. Kulikuwa na blanketi. Kulikuwa na sweta mbili za sufu, soksi nzito jozi sita, na chupa ya dawa ya kifua iliyoviringishwa kwenye taulo. Vyote hivyo aliviweka mama yangu wakati naoga. Nguo zangu zenyewe, zile nilizozihitaji, zilikuwa kwa dobi, na dobi hajatokea.

Gari la kunipeleka uwanja wa ndege lilikuwa lije saa nane mchana. Niliangalia saa mara nyingi mpaka nikaona aibu, nikaigeuza ile saa ya mezani ikatazama ukuta. Haikusaidia, maana simu nayo ina saa.

Ngoja niseme kweli. Sikuwa naogopa kukosa blauzi. Blauzi zinauzwa duniani kote. Nilikuwa naogopa kwamba yule mwanamume hatakuja kabisa, kwamba atamtuma mtu alete mfuko, na mimi nitapanda ndege nikakae miezi kumi na minane bila kujua kama alinipenda au alikuwa ananifulia vizuri tu.

Wiki tatu kabla ya hapo nilisimama dukani kwake nikamuuliza, "Utakuja kwetu kuzungumza na Mama kabla sijaondoka?" Akanyoosha mkono wa shati la mteja mpaka mwisho, polepole, kisha akasema, "Niachie nguo zako za safari. Nitazileta mwenyewe." Basi. Jibu gani hilo? Nilikwenda nalo nyumbani nikaligeuza upande huu na upande ule, na kila upande niliona nguo tu.

Kazini, na siku hizi hata mtaani, huniita Mpima, kwa sababu napima maziwa yanayoingia kiwandani. Aliyetia maji namjua, aliyechelewa njiani namjua. Kampuni yetu inafungua kiwanda kingine mbali, na mimi ndiye niliyechaguliwa kwenda kuanzisha maabara. Mwenzangu aliyetangulia aliniandikia: "Huku ukitoka kuoga unajifuta maji, halafu unajifuta jasho, na hujui lipi limeisha. Nguo ukianika asubuhi, jioni bado mbichi. Ukungu unaota hata kwenye mkanda." Nilimsomea Mama barua hiyo mara mbili, na bado akaweka blanketi.

"Mama, kule ni joto," nilisema nikilitoa.

"Joto la mchana. Usiku je?"

"Usiku pia."

"Hakuna nchi isiyokuwa na baridi ya alfajiri. Rudisha."

Mama Mkubwa, dada yake Mama, aliingia na mzani wa kupimia watu alioazima kwa jirani. Begi lilikuwa lisizidi kilo ishirini na tatu. Akalikumbatia, akapanda juu ya mzani, akatazama mbele kwa heshima zote kama anapigwa picha.

"Mia moja na tisa," nikasoma. "Sasa tutoe zako. Una kilo ngapi, Mama Mkubwa?"

"Zangu za nini?"

"Ili tujue za begi."

"Zangu hazipandi ndege. Wewe soma za begi."

"Haziwezi kusomeka peke yake."

"Basi mzani mbovu huu," akasema, akashuka.

Nilicheka, lakini kicheko kilikatika katikati. Nilikuwa nimesikia hatua nje. Nikasogea dirishani. Alikuwa mtu mwingine anapita na ndoo yake.

"Unaangalia nini?" Mama akauliza.

"Hewa."

"Hewa inaitwa Pasi siku hizi?"

Pasi ndilo jina alilopewa mtaani yule dobi, na mpaka Mama alitamke ujue amekasirika. Siku zote alimwita "dobi" tu.

"Sijasema neno, Mama."

"Na usiseme. Nilishakwambia juu ya ile nyumba. Baba yake mwenyewe hajizuii haja, mtaa mzima unajua. Utaolewa ukafue mashuka ya mzee wa watu mpaka lini?"

"Kweli, hata mimi nilisikia," alisema Mama Mkubwa. "Maskini mzee. Na alivyokuwa mtanashati."

Mama alikuwa na sababu nyingine ambayo hawezi kuisema mbele ya dada yake, na ndiyo iliyokuwa sababu yenyewe. Baba yangu aliumwa miezi kumi na moja kabla hajatutoka. Mwishoni alikuwa hawezi kujizuia, na Mama alimficha kila mtu jambo hilo. Wageni aliwaambia kalala. Mama Mkubwa mwenyewe aliambiwa kalala. Bomba letu lilikuwa linatoa maji siku mbili kwa wiki, kufulia nyumbani haikuwezekana, kwa hiyo kila asubuhi nikienda kazini nilibeba mfuko mweusi mpaka kwa Pasi. Aliupokea bila kuufungua. Aliniuliza, "Mzee amelalaje?" na hakuongeza neno.

Hapo ndipo nilipompenda, kama mnataka kujua. Wengine hupendwa kwa sauti au kwa mabega. Mimi nilipenda namna alivyopokea mfuko.

Mama hakuona hivyo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Mama hakutaka kata awe mkwe wake. "Kila nikimwona yule," aliniambia siku moja, "naona ule mfuko. Mtu wa namna hiyo unamshukuru, unamwombea kheri, unapita njia nyingine."

Ilipokaribia saa saba mlango ukabishwa. Nilijua ni yeye kabla ya sauti.

"Hodi wenyewe. Shikamoo Mama. Shikamoo Mama Mkubwa."

"Marahaba. Weka hapo mezani, dobi. Ahsante sana."

Alikuwa amebeba nguo zangu mikono yote miwili, zimenyooka, na juu yake kopo la bati. Shati lake jeupe halikuwa na mkunjo. Hakunitazama. Mimi nilimtazama kwa niaba yetu wote wawili.

"Naomba nizipange mwenyewe, Mama," alisema. "Zikipangwa vibaya zitafika zimejaa mikunjo."

Mama alitafuta sababu ya kukataa akaikosa, maana hiyo ilikuwa kazi yake. Akamruhusu, lakini yeye na Mama Mkubwa wakavuta viti wakakaa mlangoni pa chumba changu kama walinzi wa benki.

Pasi alitazama ndani ya begi. Akalinyanyua blanketi.

"Nani anakwenda kwenye barafu?"

"Mimi ndiye niliyeliweka," Mama akasema.

"Ni zuri, Mama. Tatizo ni kwamba litavuta unyevu. Wiki ya pili litaota ukungu, na nguo zote zitanuka kama mbwa aliyenyeshewa."

Mama alitafakari jambo hilo. "Litoe," akasema.

Zikatoka sweta, zikatoka soksi. Ukatoka mkoba wangu wa ngozi, niliokuwa nimeutia baadaye. Akashika gauni langu jeusi la kitambaa cha kung'aa. "Hili linafungia jasho ndani. Utapata vipele vya joto mgongo mzima."

"Nalipenda hilo."

"Najua. Ulilivaa siku ile ya..." Akaishia hapo. Macho yetu yakakutana kwa mara ya kwanza tangu aingie, nami nikahisi joto la hiyo nchi limenifuata nyumbani. Mama Mkubwa akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

Akaanza kupanga blauzi za pamba na sketi za kitani, kila moja akiiviringisha nyembamba, na katikati akipachika vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Kopo zima lilikuwa limejaa. Lazima aliwaomba wateja wake mmoja mmoja. Nilipiga magoti upande wa pili wa begi nikajifanya namsaidia.

"Nilikuomba uje kuzungumza," nilimnong'oneza.

"Nimekuja."

"Umekuja kukunja."

Akaviringisha sketi nyingine. "Hii ya kitani usiianike ndani. Tafuta penye upepo. Ukikosa upepo, ipige pasi ikiwa mbichi."

"Pasi, sikuulizi habari ya kitani. Gari linakuja saa nane."

"Najua saa nane."

"Unajua miezi kumi na minane ni mingapi?"

"Najua vizuri kuliko wewe," alisema, na mkono wake ukaacha kuviringisha. "Wewe utakuwa na kazi mpya. Mimi nitakuwa napita barabara hii hii."

Nilitaka kumshika mkono ule. Nilitaka pia kumpiga na sketi. Na hapo ndipo Mama aliposimama, akaja, akachukua blauzi ya juu kabisa kuitazama. Mama ana tabia ya kukagua kazi ya kila mtu, na kwa bahati mbaya aligeuza kola.

Kila dobi ana namna ya kujua nguo ni za nani. Pasi alishona uzi ndani ya kola au kwenye pindo, kila nyumba na rangi yake na idadi yake. Nyumba yetu ilikuwa uzi wa kijani, mishono mitatu, tangu nikiwa shule.

"Hii si yetu," Mama alisema. "Uzi wake wa manjano."

"Ni yangu, Mama. Niliinunua mwenyewe."

Akachukua ya pili. Manjano. Sketi, manjano. Akazitoa zote moja moja kutoka kwenye begi lililokwisha kupangwa, na vile vifuko vikadondoka sakafuni.

"Manjano ni nyumba ya nani?" Mama Mkubwa akauliza kutoka kwenye kiti.

Pasi alikuwa amesimama. "Ya kwangu," akasema.

Mama aliitupa ile sketi kitandani.

"Ya kwako," Mama akarudia. "Kwa hiyo mwanangu umeshamhamisha. Kwa sindano. Hukupiga hodi, hukuomba, ukamshona kwako kimyakimya, na mimi nakaa hapa nakupa ahsante."

"Mama..." nikaanza.

"Wewe nyamaza, tutazungumza na wewe pia."

"Yeye hakujua," Pasi alisema. "Na sikuanza na blauzi, Mama."

"Ulianza na nini?"

Akamtazama Mama Mkubwa, kisha akatazama chini. "Naomba tuzungumze pembeni."

"Sina la pembeni mimi. Semea hapa hapa, dada yangu asikie."

"Hapa siwezi." Sauti yake ilishuka. "Kaangalie mashuka ya Mzee."

Uso wa Mama ulibadilika. Nilidhani atamfukuza. Badala yake alitoka, tukamsikia anafungua kabati la chumbani kwake. Mashuka ya Baba aliyaweka humo tangu msiba, yamekunjwa kama yalivyorudi kutoka kwa dobi siku ya mwisho. Hakuwahi kuyatumia, hakuwahi kuyagawa, na nadhani hakuwahi hata kuyagusa. Alichelewa kurudi. Aliporudi alikuwa ameshika shuka moja, pindo liko kati ya vidole vyake, na katika pindo lile kulikuwa na uzi wa manjano. Wakati wa ugonjwa hakuna kati yetu aliyepata nafasi ya kutazama pindo.

Nilielewa wakati uleule. Dukani kwa Pasi wanafanya kazi wanawake wawili wa makamo wanaotenganisha nguo, na hakuna nyumba mtaani wasiyoijua kwa uzi wake. Mashuka yale yangeingia na kijani, kufikia jioni mtaa mzima ungejua hali ya baba yangu. Yaliingia na manjano. Wakayaona kila siku kwa miezi kumi na moja, wakadhani ni ya nyumbani kwa bosi wao, wakayatangaza hivyo. Yule mzee mtanashati, baba yake Pasi, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote, akawa ndiye mzee asiyejizuia.

"Baba yako," Mama alisema, na akashindwa kumaliza.

"Nilimwambia siku ya kwanza. Niliona si haki nitumie jina lake bila yeye kujua."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Waache waseme. Kwa umri wangu huu, uongo wa leo kesho huenda ukawa kweli.'"

Mama alikaa kitandani, juu ya nguo. "Na mimi nilisema," alisema. "Leo asubuhi, humu ndani, nimesema." Kisha akamgeukia dada yake, na nikaona jinsi ilivyomgharimu. "Dada, yalikuwa ya mume wangu. Miezi kumi na moja."

"Na mimi ukaniambia kalala."

"Nikakuambia kalala."

Mama Mkubwa alitoka kwenye kiti, akakaa karibu naye, kitanda kikalalamika. "Ungeniambia, ningekuja kufua," alisema. Akamshika mkono.

Ilikuwa saa saba na nusu. Nguo zilikuwa zimetapakaa chumba kizima, nami sikuwa na nguvu ya kuokota hata moja. Mama alijifuta macho kwa kiganja.

"Wewe ulikuja na jambo," alimwambia Pasi. "Liseme. Nakusikiliza."

Nilisubiri siku hiyo kwa muda mrefu, na sasa ilikuwa imefika ikiwa imebakiza nusu saa.

Pasi alikunja mikono nyuma. "Nilikuja nalo, Mama. Siwezi kulisema leo."

"Kwa nini?"

"Ndiyo maana nilikaa kimya wiki tatu zote. Nikija kuomba binti wa watu, na mwenye binti anajua nilichofua, ataona nimekuja kudai. Nikasema labda nitapata moyo nikifika hapa. Sasa umejua na zaidi. Ukinikubali leo, sitajua umenikubali mimi au unarudisha fadhila. Na yeye pia hatajua."

Nilimwona Mama anakubaliana naye, na jambo hilo liliniudhi kuliko yote.

"Kwa hiyo mimi nisafiri hivi hivi," nilisema.

"Mpima..."

"Hapana, subiri. Wiki tatu sijala vizuri. Wiki tatu nafikiri nina kasoro gani, kumbe wewe uko huko unapima heshima yako na ya Mama, na yangu hamna aliyeiweka kwenye mzani." Sauti yangu ilikuwa imepanda, na machozi yalikuwa yanashuka, lakini sikukoma. "Mama ana fadhila ya kurudisha, sawa. Mimi sina. Nilikupenda kabla sijajua habari ya uzi huu. Nilikupenda nikijua ni dobi tu anayeniuliza mzee amelalaje. Kama ninyi wawili mmeshindwa kusema, nitasema mimi. Nakuomba unioe nikirudi. Nijibu sasa, gari linakuja."

"Makubwa," alisema Mama Mkubwa taratibu.

Pasi alinitazama.

"Nitakuoa," alisema. "Ukiongezewa miezi nitasubiri na hiyo. Hata ukirudi umechoka na mimi, utanikuta."

Sikumkumbatia, Mama alikuwa palepale. Lakini nilishika kona ya mkono wa shati lake, lile lisilo na mkunjo, nikaifinya mpaka ikajikunja. Nilimtazama Mama. Hakutabasamu.

"Mimi sisemi kitu leo," alisema. "Huyu amesema kweli. Nikisema leo nitakuwa nalipa."

Honi ikalia nje; dereva alikuwa amewahi. Basi ikawa ni mbio za watu wanne chumba kimoja. Pasi alipanga nguo upya kwa dakika nne, jambo ambalo sidhani kama dobi mwingine anaweza. Mama Mkubwa aliketi juu ya begi ili zipu ifike mwisho. Pasipoti nikaisahau, nikairudia. Mama alinishika uso kwa mikono miwili, akaniambia ninywe maji mengi, nisilale na dirisha wazi, nisimwamini mtu anayecheka sana. Kila aliposema neno nilisubiri lile moja, na halikuja.

Nikaingia kwenye gari. Pasi aliweka begi nyuma, akarudi akasimama kando ya barabara, hatua tano kutoka kwa Mama, kama watu wasiojuana. Dereva akawasha. Nilijisemea miezi kumi na minane hawa wawili watakuwa wanapishana njiani hivi hivi, na mimi mbali siwezi kufanya lolote.

"Wewe," Mama akamwita. "Jumapili utakuja?"

"Kuchukua nguo, Mama?"

"Kula. Mwenzako hayupo, na mimi sijui kupika chakula cha mtu mmoja." Akafunga vizuri kitambaa cha kichwani, akatazama barabara. "Na uje na baba yako. Nina jambo la kumwambia."

Dereva aliniuliza kama niko tayari. Nikaitikia kwa kichwa, na nyuma yetu nikamsikia Pasi akisema, "Tutakuja, Mama. Wote wawili."